Korongo na Mafunjo katika Nchi ya Afadhali

Yuko mtu aliyekwenda, akaona, akarudi. Alikwendaje, alipanda nini, alilala wapi njiani, hayo tuwaachie wauza viatu. Sisi tuanzie pale mguu wake ulipokanyaga ardhi ya Afadhali, maana hapo ndipo mdomo wake ulipomponza.

Jina lake Shaame. Alikuwa kijana wa maneno. Ushairi alijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza wakubwa na kuhesabu mizani kwa vidole gizani, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alijiona hana mshindani pia. Mlinzi wa mpakani alipomwuliza kazi yake angeweza kusema kuwa ni mpita njia, akaachiwa apite na salama yake. Lakini Shaame hakuumbwa kwa majibu madogo. Akasema yeye ni malenga.

"Afadhali kuliko nani?" mlinzi akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama kwingine mtu anavyoulizwa jina la baba yake.

Shaame akatanua kifua. "Kuliko yeyote mliye naye humu."

Mlinzi akainamisha kichwa, akaenda kumwita mkubwa wake, na Shaame akasimama pale akiamini kwamba ameheshimiwa.

Kumbe alikuwa amejiandikisha kazi. Nchi ya Afadhali ina sheria moja mama, na nyingine zote ni watoto wake: hakuna ruhusa ya kusifu kitu peke yake. Mchuzi hauwi mtamu mpaka utajwe mchuzi ulioshindwa. Mtoto haambiwi ana adabu mpaka jirani aitwe na wa kwake asimamishwe kando. Bwana harusi hasemi tu kwamba kampenda fulani. Husimama mbele ya watu akawataja wale aliowaacha, nao hualikwa kwa heshima na kuketishwa mbele ili wasikie vizuri. Nao huja, kwa sababu kutokuja ni kushindwa mara ya pili.

Hayo Shaame aliyapata kwa karani Mbwana, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyepewa kazi ya kumkaribisha na kumzungusha. Mbwana alimpeleka kwake, akamwandalia ugali wa mtama na kitoweo cha samaki. Tonge la kwanza Shaame akauma mchanga. La pili vilevile. Akamtazama mwenyeji wake, akaona anatafuna kwa upande mmoja wa mdomo, taratibu, kama mtu anayepita juu ya miiba.

Mbwana akaeleza bila kuona haya. Kila mwaka, mvua zikishakatika, Baraza la Mlinganisho huchukua vitu viwili vya nchi na kuvishindanisha. Kinachoshinda huwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Kinachoshindwa huondolewa, ili nchi isibebe kisicho bora. Miaka mingi nyuma walilinganisha kinu na mchi. Mchi ukashinda, tena kwa haki, kwani ndio unaofanya kazi na kinu kimekaa tu. Vinu vikapasuliwa kuni. Tangu siku hiyo nafaka hutwangwa juu ya ardhi iliyofagiwa.

"Imefagiwa vizuri," Mbwana akasisitiza. "Sisi si wachafu."

Kisha akaendelea kumhesabia fahari nyingine za taifa lake. Dirisha lilishindwa na mlango. Chumvi ilishindwa na sukari, ndiyo maana mgeni asishangae ladha ya samaki. Na mwaka mmoja wa mjadala mkali walilinganisha mwalimu na mganga. Mwalimu alishinda, na tangu hapo mgonjwa wa homa hufundishwa.

Mwaka aliofika Shaame ilikuwa zamu ya viumbe viwili vya bwawa kubwa lililo chini ya mji. Kimoja ni mafunjo, yale majani marefu yanayosimama majini kwa mguu mmoja mmoja, na kichwani yana kishungi cha nyuzi za kijani kilichotawanyika kama nywele za mtu aliyeamka. Cha pili ni korongo wa taji, ndege wa kijivu mwenye mashavu meupe na taji la manyoya ya dhahabu. Korongo hao walikuwa wamepungua vibaya. Walikuwa wachache hata watoto wa mjini waliwajua mmoja mmoja kwa jina, na alipokufa mmoja watu waliulizana ni yupi.

Maofisa walikuwa wameshatoa taarifa yao. Viumbe vyote viwili, walisema, vina taji. Vyote viwili husimama kwa mguu mmoja. Vyote viwili hupenda maji na huinamia upepo. Mfanano wa kiasi hicho ni hatari kwa nchi, kwani haiwezekani vitu viwili vinavyofanana hivyo vikawa vinahitajika vyote. Lazima kimoja kiwe cha ziada.

Na kwa kuwa raia wote walikuwa wameshachagua upande, wengine hata ndoa zimevunjika, sheria ilitaka msemaji mmoja awe mgeni. Kura ikampa Shaame korongo. Mafunjo yalikuwa na msemaji wake tayari, mwanamke aitwaye Mize, msukaji wa mikeka ya mafunjo na malenga wa nchi, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyempata. Wasemaji walikatazwa kusemezana popote ila mbele ya Baraza. Na jambo lingine lilikatazwa zaidi: vitu viwili vinavyolinganishwa visionekane mahali pamoja mpaka kesi iishe, kisije kimoja kikakiazima kingine uzuri wake. Hivyo korongo mmoja alikamatwa akawekwa barazani kwenye jukwaa la fedha, mganda wa mafunjo ukakatwa ukawekwa chumba cha pili ndani ya mtungi, na huko bwawani watu walipewa ngoma za kuwafukuza korongo waliobaki kila walipotaka kutua.

Siku ya kesi mji mzima ulifunga maduka. Mlinganishi Mkuu, Mzee Kupita, alikaa kwenye kiti chenye mkono mmoja wa kuegemea, wa kulia. Wa kushoto ulishindwa zamani, kabla ya babu yake kuzaliwa. Alikuwa mzee mkavu, mpole wa uso, na alimwambia kila aliyesimama mbele yake "mwanangu" kwa namna moja, awe anamhukumu au anamsifu.

Mize alitangulia. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuimba huku mikono ikifanya kazi. Aliyasifu mafunjo kwa mkeka, kwa paa, kwa kapu la samaki, kwa maji machafu yanayoingia bwawani upande mmoja na kutoka upande wa pili yamesafika. Watu wakaguna kwa kukubali. Kisha akaingia kwenye ubeti mwingine, akaanza kusema kwamba hata huyo korongo, akitaka kutaga...

Mzee Kupita akainua kidole. "Mwanangu, msemaji wa mafunjo aseme mafunjo. Korongo ana msemaji wake."

Mize akasema hilo ndilo alilokuwa akilisema. Mzee akasema sheria haijui hilo. Mize akajaribu tena kwa njia nyingine, akakatizwa tena, na Shaame pale alipokaa akatabasamu, akidhani mwanamke ameishiwa na sasa anaombaomba kwenye mlango wa mwenzake. Ndivyo kiburi kinavyofanya kazi: kinampa mtu masikio ya kusikia makosa tu.

Zamu yake ilipofika alisimama katikati ya ukumbi, akangoja kikohozi cha mwisho kiishe, akatoa hili:

*Taji lake la heshima, korongo kazawa nalo,*
*Funjo limebaki wima, halijui lifanyalo,*
*Korongo hucheza ngoma, funjo lina lichezalo?*
*Mwenye macho hutazama, si la kuuliza hilo.*

Ukumbi ulilipuka. Wanaume wakapiga sakafu kwa visigino, wanawake wakapiga vigelegele, na ule mstari wa tatu ukarudiwa barabarani kabla hajakaa. Maofisa waliingia ndani, wakatoka. Korongo ameshinda. Mafunjo yatachomwa kesho yake, mara baada ya kutolewa mji, na shairi la mgeni litachongwa juu ya mlango wa nchi. Shaame alimtazama Mize, akitegemea machozi au hasira. Mize alikuwa anamtazama korongo.

Sasa hili la mji lielezwe. Wenzetu wa Afadhali wanatega vitendawili kama sisi, na kama sisi aliyeshindwa hutoa mji. Tofauti ni kwamba wao wameupeleka mchezo huo mahakamani. Aliyeshindwa lazima ampe mshindi mji, yaani mahali pa kukaa, na mshindi asipopendezwa hukataa akapewa mwingine. Lakini wa tatu ndio wa mwisho. Akiukataa huo, ushindi umefutika, na vyote viwili, mshindi na mshindwa, huondolewa katika nchi.

Jioni Mbwana alimtembeza Shaame bwawani, akafurahie ushindi wake kwa macho. Mienge ya kuchomea ilikuwa imeshapangwa ukingoni. Wapiga ngoma walikuwa wamekaa wanakula. Mafunjo yalikuwa yameenea mbali, urefu wa mtu na zaidi, na ndani yake kulikuwa na baridi na harufu ya majani mabichi. Shaame alikunja suruali akaingia, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuyaona yakiwa hai. Ule mganda wa mtungini ulikuwa umeshanyauka siku ya kesi.

Hatua chache tu akasimama. Mbele yake mafunjo yalikuwa yamekanyagwa na kulazwa moja juu ya jingine, yakawa jamvi nene linaloelea. Juu ya jamvi palikuwa na mayai mawili, na angani, juu ya kelele za watu, korongo wawili walikuwa wanazunguka hawana pa kutua.

"Karani," akaita, "hawa ndege hutaga wapi?"

"Hapo," Mbwana akajibu kutoka nchi kavu. "Wapi tena?"

"Wote?"

"Wote. Nchi kavu mbweha watakula mayai."

"Na kesho mnachoma."

"Kesho tunachoma mafunjo," Mbwana akamsahihisha kwa upole. "Korongo alishinda, kaka. Ulikuwepo."

Shaame alitoka majini na matope mpaka magotini. Lile alilokuwa anataka kulisema Mize, akakatizwa akijaribu na yeye Shaame akatabasamu, ndilo hili. Alitamani kurudi barazani kulifuta shairi lake, lakini Mbwana akamwambia ushindi haufutwi kwa kuomba. Hufutwa kwa kukataa mji wa tatu tu, na hapo korongo ataondolewa pamoja na mafunjo. Kumtafuta Mize na kumweleza pia haiwezekani. Wakionekana wanasemezana kabla ya mji kutolewa, hukumu ni ileile.

Walirudi nyumbani. Chakulani Shaame aliuma mchanga, akauliza.

"Mchi uliposhinda, ulipewa mji gani?"

Uso wa Mbwana ukang'aa. Ulipewa kabati la kioo, akasema, pale pale barazani, upande wa kulia ukiingia. Unapakwa mafuta kila wiki. Unapendeza mno.

"Na uliukubali?"

"Msemaji wake aliukubali. Nani atakataa kioo?" Mbwana akatafuna kwa upande wake mmoja. Kisha akaacha kutafuna, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa mbali.

Asubuhi Baraza likakutana nje, ukingoni mwa bwawa. Korongo aliletwa na jukwaa lake. Wachomaji walisimama na mienge inayowaka, wakielekezea moshi kwa majirani wasiowapenda. Mzee Kupita alikaa kitini mwake. Mize alisimamishwa upande wa walioshindwa, mikono yake ya kijani kwa utomvu ameikunja mbele, akatoa mji wa kwanza kama sheria inavyotaka, kwa sauti isiyo na chumvi.

"Nimekupa Kilimani, kwenye upepo na jua."

Shaame akaukataa.

"Nimekupa Jumba la Kioo. Lina chakula na mlinzi."

Wenyeji wakapumua kwa kutamani. Shaame akaukataa huo pia, na minong'ono ikaanza kwamba mgeni ana tamaa. Mize naye alikuwa sasa anamtazama kwa chuki ya wazi. Mji uliobaki kinywani mwake ulikuwa mmoja tu, na Shaame aliona kwamba atautupa popote, kwa hasira, na ukishatoka haurudi.

Akaomba ruhusa ya kudai mji kwa shairi. Mzee Kupita akatazama maofisa, maofisa wakatazamana, haikukatazwa. Shaame akasogea mbele. Hakutanua kifua safari hii. Alisema polepole, macho hayatoki kwa Mize:

*Kichwa mmekipa taji, miguu ikae wapi?*
*Hataki nyumba ya mji, hata ing'arayo vipi,*
*Aulizwe msukaji, yai hulalia kipi?*
*Nakungoja, mtoaji, nambie wanipa upi.*

Mienge ilikuwa inalia. Mize alikuwa bado na uso wa hasira, kisha ukabaki uso tu. Akaiangalia mikono yake, ule utomvu wa kijani kwenye kucha. Akamwangalia korongo. Akamwangalia Shaame, muda mrefu, kama fundi anayepima kama kamba ya mtu asiyemjua itabeba.

"Nimekupa Mafunjoni," akasema. "Tope lake, maji yake, na kila kilichosimama humo."

Maofisa wakasimama wote kwa pamoja. Mmoja akadai kwamba kitu kilichohukumiwa hakiwezi kutolewa. Mwingine akasema kinaweza, kwani mshindwa hutoa alicho nacho, na yeye ana hicho tu. Wa tatu akataka jambo lilinganishwe mwaka ujao. Walibishana mpaka mienge miwili ikazimika yenyewe. Mzee Kupita aliwaachia, na katika kuwaza akasahau umri wake na kiti chake, akataka kuegemea kushoto. Hapakuwa na mkono. Karani mmoja alimdaka kabla hajaanguka. Mzee akakaa sawa, akapapasa pale patupu upande wa kushoto, akapapasa tena.

"Mji ni pale mshindi anapokubali kukaa," akasema hatimaye. "Ndivyo nilivyofundishwa. Mwanangu, umekubali?"

"Nimekubali."

"Na kuchoma mji wa mshindi ni kosa gani?"

Hakuna aliyelitaja, maana lilikuwa kubwa na kila mtu alilijua. Mchomaji wa kwanza alichovya mwenge wake majini. Ukafanya *chwiii*. Kisha wa pili, kisha wote mfululizo, na moshi mweupe ukatambaa juu ya bwawa, na Shaame alisikia watu wazima, wa pande zote mbili za kesi, wakishusha pumzi kama waliotua mizigo waliyoisahau kichwani. Mzee mmoja wa upande wa korongo akamshika mkono mzee wa upande wa mafunjo. Walikuwa ndugu, Mbwana akamweleza. Walikuwa hawajasalimiana tangu kura.

Korongo akafunguliwa. Hakuruka. Alishuka jukwaani kwa hatua za mtu mwenye nyumba yake, akaingia majini, akazama kati ya mafunjo mpaka likabaki taji tu. Wale wawili waliokuwa bado wakizunguka angani wakatua. Upepo ukaja, vishungi vya mafunjo vikainama na kuinuka, na mataji nayo yakainama na kuinuka, na watu waliosimama ukingoni wakawa hawajui tena kipi ni kipi. Mtoto mmoja akauliza yupi afadhali. Mama yake akamwambia anyamaze atazame.

Sasa wasemaji waliruhusiwa kusemezana. Mize alikuja akasimama karibu na Shaame pale maji yalipoanzia, hatazami upande wake.

"Uliniuliza barazani, funjo lina lichezalo," akasema. "Haya. Jibu lako lile pale."

"Nimeliona, dada."

"Mstari ulikuwa mzuri, lakini. Nilikereka."

Shaame alikuwa na mengi ya kujibu kuhusu mstari ule, na siku nyingine angeyasema yote. Alicheka tu, na Mize akacheka, na maji ya matope yakawaloweka miguu wote wawili.

Alitaka kuondoka siku ileile, ila Mbwana akamsihi angoje kidogo. Alikuwa na shughuli barazani. Shaame akaenda kumsikiliza, akamkuta yule mtu mpole amesimama mbele ya kabati la kioo, jasho likimtoka, akitangaza kwamba yeye sasa ni msemaji wa mchi, na kwamba mchi haukuridhika na mji wake, na kwamba unadai mwingine. Mzee Kupita akamwuliza mji gani. Mbwana akautaja. Maofisa walibishana tena, lakini kwa uvivu, kama watu waliokwisha kujua njia inakoelekea. Na jioni ile sauti ya tezo ilisikika nyuma ya nyumba za mafundi, ikichimba gogo.

Mlangoni, siku ya kuondoka, Mbwana alimfungia Shaame mkate wa mtama kwenye kipande cha mkeka wa mafunjo, kazi ya Mize. Mlinzi alimsalimu, akasahau kuuliza chochote. Shaame alitembea mpaka njaa ilipomkamata, akakaa juu ya jiwe, akafungua. Kwa mazoea ya nchi aliyotoka akauma kwa upande mmoja wa mdomo, taratibu, akisubiri.

Hapakuwa na mchanga. Akauma tena, safari hii kwa meno yote.